Namna Bora ya Kupiga Maji kwa Torpedo

Nahodha mpya wa michezo ya kompyuta ya nyambizi, Silent Hunter III au UBOAT, hana haja ya kusumbuka na hesabu. Ukiona moshi wa msafara, inua periskopu yote na uiache juu, ili manowari za ulinzi nazo zipate kuitazama. Kisha lenga meli kubwa kuliko zote. Iko umbali wa kilomita 3? Vizuri. Imekupa shetri na inakwenda zake? Vizuri zaidi. Fyatua zote nne.

Wapo wakorofi watakaokwambia usubiri ubavu. Hoja yao ni kwamba torpedo ya umeme ya Wajerumani, G7e, ilikwenda kama kilomita 55 kwa saa, na meli za msafara wa polepole takribani 15. Jiweke mbele, kando ya njia yao, omo yako ikiikabili njia hiyo kwa pembemraba, halafu fyatua meli ikiwa imebakiza nyuzi 15 kuufikia mstari wa omo. Torpedo itanyooka bila kupinda, na wewe hutahitaji hata kuujua umbali barabara. Kwa mita 1,000 itachukua kama sekunde 65. Ukikosea kasi ya meli kwa kilomita 2 kwa saa, utapotoka mita 36 tu, na meli ya aina ya Liberty ina urefu wa mita 134. Kosa hilohilo kwa mita 3,000 ni mita 108: umelenga katikati, umepiga maji. Na kama torpedo inaijia meli kimshazari kwa nyuzi 30, shabaha yako imepungua kwa nusu.

Yote kweli, ila yanadai subira. Nyambizi ya Kijerumani ya Type VIIC ikiwa chini ya maji haikuzidi kilomita 14 kwa saa, kwa hiyo msafara ukishakupita umekupita. Itabidi uibuke, uuzunguke kwa mbali usikoonekana, saa nzima na zaidi, kisha uzame mbele yake na kuungoja. Nani ana muda huo? Bonyeza kitufe cha kuharakisha saa, nenda kachemshe chai. Ukirudi, korveti itakuwa imeshafika kukusalimu.

Tena pembe nzuri ina wenyewe. Pale kando ya msafara, kwenye mita zako 1,000 tamu, ndipo walinzi wanapopiga doria. Otto Kretschmer, nahodha wa nyambizi ya Kijerumani U-99, aliwakwepa kwa ufidhuli: aliingia usiku, akielea juu, katikati ya safu za meli. Asdiki, kifaa cha walinzi cha kusaka kwa mwangwi, ilisaka vilivyo chini ya maji, haikuwa na habari na kilicho juu, na katikati ya safu kila upande una ubavu wa mtu. Machi 1941 alilazimika kuzama, asdiki ikamnasa, akaishia mateka. Wewe mwige kuanzia hapo alipozama. Ndiyo njia ya mkato.

Ikiwa nyuzi 90 zimekushinda kabisa, hamia Pasifiki, kwenye Silent Hunter 4, upewe torpedo ya Kimarekani Mark 14. Kiwashio chake kilikuwa kikipondeka kikigonga ubavu kwa pembemraba, ilhali pigo la mshazari lililipuka. Julai 1943 nyambizi ya Kimarekani Tinosa iliisimamisha meli ya Kijapani Tonan Maru namba 3, ikajipanga ubavuni kama kitabu kinavyotaka, na torpedo moja baada ya nyingine ikagonga chuma bila kulipuka. Nahodha wa Tinosa, Daspit, aliibakiza ya mwisho airudishe Pearl Harbor ikachunguzwe. Kwa miezi ile, mlengaji mbovu alikuwa na haki ya kujisifu. Kasoro ilirekebishwa kabla ya mwaka huo kwisha, kwa hiyo ukianza mchezo wako 1944, kisingizio hicho hakipo tena.