Kibubu na Simu

Chumba cha kupanga Manzese, Dar es Salaam. Juu ya kabati wamekaa Kibubu na Simu. Mwenye chumba yuko bafuni.

SIMU: Shikamoo, mzee.

KIBUBU: Marahaba. Mbona unatetemeka tangu alfajiri?

SIMU: Kamati ya harusi inakumbushia ahadi. Laki moja, kadi ya watu wawili.

KIBUBU: Nani anaoa?

SIMU: Mtoto wa dada yake fundi aliyewahi kumshonea suruali.

KIBUBU: Lahaula! Aliahidi lini?

SIMU: Juzi usiku. Aliona wenzake kwenye kundi la WhatsApp wanajiorodhesha, naye akajiandika namba 14. Kisha akajipiga kifua: "Mwanaume ni maamuzi!"

KIBUBU: Na kodi ya miezi sita, inayotakiwa mwezi ujao, imeamuliwaje?

SIMU: Hiyo kamwachia Mungu.

KIBUBU: Ubaya wako ni wepesi, mwanangu. Tangu mlipoanza kubeba pesa nchini mwaka 2008, mtu anaumaliza mshahara kwa kidole gumba. Kwangu mimi, sharti atafute nyundo. Mpaka aipate, tamaa imeshapoa.

SIMU: Mimi simlazimishi, mzee. Salio lisipotosha, namuuliza kwa adabu: "Bonyeza 1 kukubali mkopo."

KIBUBU: Na kukataa?

SIMU: Bonyeza 2. Hajawahi kufika huko.

KIBUBU: Ndiyo maana akiba yake ya kweli iko tumboni mwangu, haiguswi.

SIMU: Haiguswi? Jana usiku tochi yangu ndiyo iliyommulika akikutia kibano cha nyusi mdomoni. Noti ya elfu kumi ilitoka nzima, ya pili ikachanika pembe.

KIBUBU: Kumbe! Nikadhani ananifuta vumbi.

SIMU: Alisema anakukopa tu, atarudisha mwisho wa mwezi.

KIBUBU: Mwezi upi?

SIMU: Hakuutaja. Mimi akinikopa, angalau namtumia ujumbe wa kumdai. Wewe huna hata sauti.

(Mwenye chumba anaingia na taulo kiunoni. Anaichukua Simu, anasoma, anabonyeza 1, kisha anatuma laki kwa mweka hazina wa kamati.)

MWENYE CHUMBA: Nimemaliza! Maisha yangu nayaamua mwenyewe, sipangiwi na mtu.

(Anairudisha Simu juu ya kabati, anaanza kuvaa.)

KIBUBU: Unayo namba ya baba mwenye nyumba?

SIMU: Ninayo. Kwa nini?

KIBUBU: Mshauri naye afungue kundi.