Mkasi Wenye Masharti

Mjomba wangu wa Muheza,

Nimekodi kibustani hapa Leipzig, katika zile bustani za wananchi zinazoitwa kwa jina la Daktari Schreber, aliyefariki 1861 kabla hata hazijaanzishwa. Jirani yangu mzee kaniazima mkasi wa kupogolea, lakini kwanza kanipa somo. Kwa muda ule wewe ungekuwa umeshafyeka michungwa miwili mitatu, umenawa na chai umekunywa.

Mkasi wenyewe hushikwa kwa mkono mmoja, na ziko aina mbili. Wa kwanza, makali hupishana na mdomo wa chini. Huo wa matawi mabichi. Wa pili, makali hushukia kwenye kibao bapa. Huo wa vijiti vikavu, ukikatia tawi bichi utalisaga. Katikati kuna springi ya kuupanua, maana hata kupanua mkasi ni kazi ambayo mtu wa huku kaondolewa. Pembeni kuna kufuli. Nilihangaika nayo hadi jasho, kwenye baridi hii, mjukuu wa mzee akaja akaisukuma kwa kidole gumba. Tawi hukatwa mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Nikauliza, likitazama ndani? Mzee akaanza somo upya.

Sasa sheria. Kuanzia 1 Machi hadi 30 Septemba ni marufuku kuukata ua wa miti hadi shinani. Ruhusa ni kupunguza machipukizi tu, ndege wasibughudhiwe viotani. Ndege wa huku, Mjomba, wana likizo ya uzazi ya miezi saba! Waridi nalo husubiri kichaka kiitwacho forsythia kichanue maua ya njano. Basi ua umefungwa, waridi bado, na mimi nimesimama na mkasi nikikikodolea macho kichaka.

Ajabu ni kwamba nikiufikia mtufaha, naukung'uta kwanza wale chungu majimoto waanguke. Hakuna hata mmoja. Sikujua mtu anaweza kuwakumbuka wadudu waliomvua shati mbele ya wakwe.

Tena lazima theluthi moja ya bustani iwe mboga na matunda. Nimepanda mchicha. Mzee kauliza huvunwa mwezi gani. Nimemjibu: ugali ukikaribia kuiva.

Mpwa wako.