Saa za Ulaya Zisivuruge Kamembe

Saa ya Kamembe, wilayani Rusizi, haisogei mwaka mzima. Serikali ya Rwanda ilipotaka watu waingie kazini kwa kuchelewa kidogo, Januari 2023, ilibadilisha ratiba ikawa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, saa yenyewe ikaachwa ilipo. Wabelgiji wao husogeza saa, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Ukiuza kahawa ya Kivu kwao, ilinde seva yako ya barua pepe dhidi ya mabadiliko hayo.

Anza na ukanda wa saa. Kwenye orodha ya Windows hutaiona Kigali. Utakuta majina mengi yenye UTC+2, na mkono utakimbilia Athens au Cairo kwa kuwa yametangulia. Urudishe! Ugiriki husogeza saa, na Misri imerudia tabia hiyo tangu 2023. Lako ni lile la Harare na Pretoria. Jirani wa Bukavu, upande wa Kongo, naye achague hilohilo. Akiweka saa za Kinshasa kwa uzalendo, atachelewa saa nzima sokoni kwake.

Sasa kile kikao cha kila Jumatatu, saa nane mchana, na mnunuzi wa Brussels. Kiangazi cha Ulaya saa zetu na zao ni sawa, kwa hiyo hakuna anayejali nani alituma mwaliko. Oktoba ikiisha, mwaliko uliotumwa kutoka Brussels unahamia saa tisa kwako, na mwenyekiti wa ushirika wenu wa kahawa ameshakaa mbele ya skrini, chai inapoa. Mwaliko ukiwa umetoka Kamembe, unabaki saa nane, na mnunuzi ndiye anayeitwa saa saba, tonge mkononi. Mimi nasema utoke Kamembe. Mkulima aliyeshuka mlimani kwa pikipiki asilipishwe saa nzima kwa desturi ya watu wengine.

Kikao kikihama, usiguse saa ya seva: ujumbe wote utabeba muda wa uongo. Sasisha programu mapema, mwaliko uurekebishe kwenye kalenda.

Kazi za usiku za seva zipange kwa UTC. Oktoba, Brussels huipitia saa nane hadi saa tisa usiku mara mbili, na Machi huiruka kabisa. Ankara iliyopangwa humo kwa saa za Brussels yaweza kutumwa mara mbili, au isitumwe.

Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kuacha utaratibu huu wa kusogeza saa ifikapo 2021, lakini haukuachwa. Basi Jumatatu ya kwanza baada ya saa zao kusogezwa, mpigie mnunuzi simu asubuhi, umuulize kwake ni saa ngapi.