Deni la Magunia Mawili ya Karoti

Mtoto wa Gisenyi hujua bei ya dola kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Hatuna la kufanya: Goma ya Kongo kwetu ni pua na mdomo, na kabla ya korona makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka mpaka wa Petite Barrière kila siku, wengi wao wanawake wenye mizigo kichwani. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mapenzi hayana hesabu, muulize kwao ni wapi.

Nami nilikuwa mmoja wa hao wa mizigo kichwani. Nilipeleka karoti na vitunguu vya udongo wetu wa volkano mpaka soko la Virunga. Mpenzi wangu wa siku hizo alitembeza vitenge begani. Tulipendana kwa mtindo wa wenye mtaji mdogo, yaani tulikopeshana. Zawadi yake ya kwanza ilikuwa viatu vya mtumba, akavitia ndani ya mfuko wa plastiki. Tatizo ni kwamba Rwanda ilishapiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008. Mpakani mfuko ukabaki, viatu nikarudishiwa. Nikapita mjini kimoja mkono huu, kingine mkono ule, mashoga zangu wakiniuliza kwa sauti kama nimechumbiwa au nimeiba.

Baadaye akanikopa magunia mawili ya karoti, akapotea. Wenzangu waliachwa kwa barua. Mimi niliachwa kwa mkopo.

Miaka ikapita. Nikanunua lori, na yeye nikasikia ana duka la vitenge vya jumla. Siku moja akapiga simu: tukutane, tule visamaki vya sambaza. Nikachukua pikipiki, maana lori haliendi kwenye miadi, nikamwambia motari anisubiri nje.

Tukakaa ufukweni, simu zake mbili mezani, na zangu mbili. Kila tukianza kukumbushana, moja inaita.

"Unakumbuka vile viatu..."

"Haloo? Mwambie bei haishuki!"

Sambaza wakaja wamekaangwa wakakauka, na vichwa na mikia yao, pilipili pembeni. Akashika mmoja, akaanza kunihubiria. "Unajua hawa si wenyeji wa Kivu? Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Walifika wadogo hivihivi, leo ziwa zima linawategemea." Nikaona mtu anajisifu kupitia samaki.

"Lakini wao," nikamwambia, "hawakuondoka na karoti za mtu."

Akacheka, akachomoa noti ya dola mia. "Dawa ya deni ni kulipa, Mama."

Niliipokea kwa moyo mmoja. Kisha mkono wenyewe ukaiinua kwenye mwanga. Ukingoni palikuwa na mchaniko mdogo, hauzidi ukucha wa kitoto kichanga. Ukivuka na noti ya hivyo kwenda Goma, hata muuza ndizi atakurudishia. Nikaiweka mbele yake.

"Bado unanikagua?"

"Na wewe bado unanipa vilivyochanika?"

Tulicheka mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka. Hapo nikamtambua yule wa vitenge begani, na nadhani naye alimtambua yule wa karoti.

Bili ilipokuja tukaanza kugombea kulipa, kila mmoja akisukuma mkono wa mwenzake, mpaka mhudumu akainama. "Madamu, bosi, samahani. Kulipa kwa simu kumegoma. Ni pesa mkononi tu." Tukapekua. Simu nne, funguo za duka, funguo za lori, na dola mia yenye kidonda. Faranga, hata ya kununulia kiberiti, hakuna.

Ikabidi motari aitwe. Akaingia na helmeti yake, akasikiliza kesi, akazitazama zile simu nne, akafungua zipu ya ndani ya koti. Alihesabu noti mara mbili mbele yetu, lakini hakuziachia.

"Mnanirudishia leo?"

"Leo," tukaitikia pamoja.

"Na mdhamini ni nani?"

Mwenye duka la jumla hakusita, akaninyooshea kidole. "Huyu. Huyu hajawahi kukimbia deni."

Katika miaka yote ya kujuana kwetu, hilo ndilo neno tamu kuliko yote aliyoniambia, na alilisema akitafuta wa kumlipia.