Shangazi wa Matumbawe Anajibu

Mwenye shida ya tangi aandike hapa. Mwenye shida ya ndoa afungue ukurasa unaofuata, japo mara nyingi shida ni ileile.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Mombasa, naishi Yeoville, Johannesburg. Nina tangi la maji ya bahari la lita 200 na matumbawe ninayoyapenda kuliko mchumba. Jumatatu kalsiamu ilisoma 390, nikamwaga dawa. Jumanne alkali ikashuka, nikamwaga nyingine. Jumatano maji yakawa kama tui, na sasa ncha za matumbawe zimekuwa nyeupe. Nimwage nini? – Aliyechanganyikiwa*

Marahaba, mwanangu. Usimwage kitu. 390 si msiba. Wengi wetu hulenga miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Tumbawe hujenga kiunzi chake kwa kalsiamu na kabonati, na huzivuta kwa pamoja: miligramu 20 za kalsiamu kwa lita huondoka na digrii 2.8 za alkali. Wewe umezijaza zote mbili kwa pupa mpaka maji yakashindwa kuzibeba. Hilo tui uliloliona ni chokaa, na dawa uliyonunua kwa pesa yako imelala chini ya mchanga.

Kabla ya yote, pima magnesiamu. Hiyo ndiyo inayozuia kalsiamu na kabonati zisigandane, na inatakiwa iwe 1,300 hivi. Ikiwa 1,100, utamwaga mpaka Krismasi na namba hazitakaa. Ukishaisawazisha, pandisha alkali kwa digrii isiyozidi moja kwa siku. Digrii saba na nusu za kila siku tumbawe linazizoea. Nane za leo na kumi na moja za kesho ndizo zinazochoma ncha.

Baadaye, ukitulia, jaribu maji ya chokaa. Wazee wetu walichoma matumbawe kwenye tanuri ili wapate chokaa ya kujengea Lamu na Mji Mkongwe. Sisi tunalirudishia tumbawe deni lake, kalsiamu na alkali kwa mpigo mmoja. Yadondoshe usiku, tone kwa tone, wakati pH ya tangi imeshuka, kwa sababu yenyewe yana pH inayozidi 12. Na iwe chokaa safi iliyouzwa kwa kazi hiyo. Ile ya ukutani hapana, na ya tambuu ya bibi mwachie bibi.

*Shangazi, kila maji ya tangi yakipungua mume wangu anaongeza maji ya chumvi. Samaki wamekonda, naye hasikii. – Mke wa Baharia wa Sebuleni, Randburg*

Mwambie yanayoruka ni maji, chumvi inabaki. Kipupwe cha huku ni kikavu, tangi linapungua kila siku, na yeye anazidi kulikoleza. Anatakiwa ajazie maji baridi mpaka chumvi irudi gramu 35 kwa kilo. Asichote ya bomba, maana yana kloramini, na hiyo haiondoki kwa kulaza ndoo usiku kucha kama klorini ya kawaida. Yapite kwanza kwenye makaa, kisha kwenye utando wa kuchujia. Na kwa kuwa bomba nalo hukauka bila kuaga, aweke akiba ya maji yaliyochujwa.

*Umeme ukikatika hapa Kensington, samaki wangu wanapanda juu kuhema baada ya muda mfupi tu. Kaka yangu yuko Durban na tangi kama langu, wake hata hawashtuki. Nimerogwa? – Mwenye Wasiwasi*

Hujarogwa, uko mlimani. Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani, na oksijeni inayoingia majini inapungua kwa kadiri hiyo. Pampu ikizima, wewe unaanza na akiba ndogo kuliko kaka yako. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua taa nyingine ya buluu. Matumbawe yatavumilia giza la siku nzima. Kipupwe, lizungushie tangi blanketi lisipoe, hata wageni wakicheka.

*Shangazi, naenda Zanzibar likizo. Nikukatie kipande cha tumbawe Chumbe? – Mpwa Mkarimu*

Hapana! Chumbe ni hifadhi, na matumbawe magumu yanalindwa na mkataba wa CITES. Utavushaje mpaka bila kibali? Niletee halua.