Shikamoo, NASA

Jana kijiweni dereva mmoja wa bodaboda, ambaye hata pikipiki yake sijawahi kuipanda, aliniinamia kwa heshima zote akasema, "Shikamoo, NASA." Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Nikaitikia marahaba, ningefanya nini? Tangu Jumamosi jina langu la ubatizo limestaafu hapa Daa, na nasikia hili jipya limeshafika Karatu mjini kabla yangu.

Jumamosi ilikuwa kipaimara cha binti wa dada yangu. Kaka yake, mpwa wangu wa kidato cha pili, aliomba tumrushie mdogo wake roketi ya maji iwe zawadi. Kuitengeneza ni kazi ndogo mno: chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, kizibo cha mpira, sindano ya kujazia mipira ya miguu na pampu ya baiskeli. Unatia maji theluthi ya chupa, unaziba, unaipindua mdomo chini, unapiga pampu mpaka kizibo kisalimu amri.

Mjomba yeyote mwenye akili timamu angeishia hapo. Mimi nilianza kueleza, na wageni walikuwa bado hawajafika wote.

Watu hudhani hewa ndiyo inayoirusha chupa. Hewa inabana tu. Chupa hupaa kwa kutupa uzito nyuma yake, na hewa haina uzito wa maana wa kutupwa. Maji ndiyo yenye nao. Wala maji hayasukumi ardhi ndipo chupa ipae. Ingekuwa hivyo, roketi zingekwama zikifika kule juu kusiko na ardhi wala hewa. Chupa inayasukuma maji kwenda chini, maji yanaisukuma chupa kwenda juu, basi. Hata kutembea ni hivyohivyo. Pale Laetoli, hapo jirani Ngorongoro, zipo nyayo zilizofukuliwa mwaka 1978, za viumbe waliopita miaka milioni 3.6 iliyopita juu ya majivu ya volkano yaliyolowana. Waliyasukuma majivu nyuma, majivu yakawasukuma mbele, na alama ya ugomvi huo ipo mpaka leo. Newton alikuja kuandika tu.

Sasa piga hesabu. Mdomo wa chupa ile una upana wa milimita 22 hivi. Ukibana hewa mpaka izidi ya nje kwa angahewa tatu, maji yakitoka yanaisukuma chupa kwa nyutoni zaidi ya 200. Chupa na maji yake ina uzito wa nyutoni sita tu. Maana yake kani inayoipeleka juu inazidi ile inayoivuta chini zaidi ya mara thelathini! Hakuna gari la watalii, hata lile linalokupita pale mlimani Manyara kana kwamba simba wamemwahidi dereva saa maalumu, linaloondoka kwa mchapuko huo. Tatizo ni kwamba maji huisha kabla hujapepesa jicho, na chupa inabaki nyepesi, haina msukumo, iko mikononi mwa hewa.

Nikamwambia mpwa wangu pia habari za tarehe 12 Desemba 1970, siku roketi ya Scout ilipoondoka kwenye San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa sababu Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake siku hiyo. Waitaliano hawakupapenda pale kwa ajili ya madafu. Karibu na ikweta dunia inajizungusha kuelekea mashariki kwa mita kama 465 kila sekunde, na roketi inajipatia mwendo huo bila kuchoma mafuta. Karatu na Malindi ziko karibu mstari mmoja, nyuzi tatu na ushee kusini ya ikweta. Kwa hiyo, nikasema, kisayansi uwanja wa dada yangu hauna upungufu wowote. Kijana akaniuliza kama tunaweza kurusha sasa.

Mapezi ya mkiani ni yeye aliyeyakata, kutoka kwenye mifuniko ya ndoo za rangi. Yalikuwa makubwa. Yalipendeza. Na hapa naomba nisikilizwe, maana ndipo heshima yangu ilipopotelea. Chombo kinachopaa kina pointi mbili zinazoamua tabia yake. Ya kwanza ni pale ambapo ukikifunga uzi kinaning'inia sawa, hakilali mbele wala nyuma. Ya pili ni pale ambapo nguvu yote ya upepo wa ubavuni inakutana. Ya kwanza lazima itangulie, iwe karibu na pua. Ndiyo maana tulijaza udongo kwenye pua ya chupa. Mapezi yakiwa madogo, roketi inabiringika hewani ovyo. Yakiwa makubwa kupita kiasi, upepo unashika mkia, mkia unasukumwa kando, na pua inageukia kule upepo unakotoka. Roketi inakuwa tiifu mno. Inaufuata upepo mpaka nyumbani kwao.

Upepo wa Jumamosi ulikuwa unatokea upande wa turubai.

Chini ya turubai hilo walikaa wazee, wakwe, kwaya, na mgeni rasmi mwenye kiti chenye kitambaa cha dhahabu. MC alikuwa ameamuru ndafu iingie. Nayo ikaingia kwa shangwe, imesimamishwa juu ya kitoroli cha keki, majani mdomoni, akina mama wakiisindikiza kwa vigelegele. Kizibo kikachagua dakika hiyo. Chupa ikapaa kama urefu wa mgomba, ikafikiri, ikageuza pua, ikaja imelala, inarushia wageni matone yaliyobaki.

Iliipiga ndafu kwenye taya. Ingeipiga katikati ya mbavu, kitoroli kingesogea kidogo kando na tungekula. Lakini kani ikipiga mbali na katikati huzungusha, na kadiri ilivyo mbali ndivyo inavyozungusha zaidi. Kwa sababu hiyo kitasa cha mlango huwekwa mbali na bawaba. Magurudumu ya kitoroli yalikuwa yamepakwa mafuta asubuhi hiyo na shemeji, mtu makini. Ndafu ikazunguka taratibu, bila haraka, majani bado yako mdomoni, ikasimama imempa mgeni rasmi makalio.

Kwaya ikanyamaza. MC, ambaye analipwa kwa maneno, akasema kwenye kipaza sauti: "Ndafu imesusa."

Dada yangu hajaongea nami mpaka leo. Shemeji anaongea, ila kuhusu kitoroli tu.

Wala si mara yangu ya kwanza. Mwaka jana lilikuwa gari la rimoti, Land Cruiser ya plastiki niliyoinunua mnadani: kimo kirefu, tairi nyembamba, kona ya kwanza likalala ubavu na mbwa wa jirani akalichukua. Helikopta ndogo ilipata upepo wa jioni. Nadhani iko kwenye mahindi ya mtu.

Yote hayo nayabeba. Kinachonikera ni kingine. Mimi nilisoma fizikia mbele ya kabati lililofungwa kufuli. Vifaa tuliviona kupitia kioo, mizani ya springi imelala palepale kuanzia kidato cha kwanza mpaka tunamaliza, na kani tulizijua kwa kuchora mishale. Mwaka 2014, serikali ya Rais Kikwete ilipohimiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, wananchi tulichangishwa, na tuliotoa tulitoa kwa moyo. Kuta zilisimama. Shule moja ninayoifahamu, ambayo sitaitaja, chumba cha fizikia kinatunza madawati mabovu na magunia ya mahindi ya chakula cha mchana. Mahindi hayo nayo tumeyachangia sisi.

Jumatatu mpwa wangu alipewa zoezi: chora roketi inayopaa, onyesha kani zinazoihusu. Alichora uzito, msukumo na ukinzani wa hewa, kisha akaongeza mshale wa upepo wa ubavuni na pua iliyoinama kuuelekea upepo, na kando yake akaandika sababu kwa sentensi mbili zisizo na kosa. Amepigwa mkasi mwekundu. Kitabuni, anasema mwalimu, roketi husimama wima.

Daftari ninalo mimi. Alhamisi naenda nalo shuleni, na pampu.