Gari Lililomtangulia Marehemu

Katika maradhi yote yanayomsibu mwenye gari la kale, hakuna yenye gharama na yasiyo na tabibu kuliko tamaa ya kuliongezea nguvu. Na dalili yake ya kwanza, kwa jinsi nilivyoichunguza hapa Kakamega, ni mtu mzima mwenye heshima zake kuanza kuona haya kila anapoukaribia mlima. Peugeot 404 niliyoirithi kwa ami yangu, iliyoundwa mwaka 1966, ilikuwa na adabu zote za zama zake: gia kwenye usukani, breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na injini ya sentimita za ujazo 1618 iliyolazwa ubavu chini ya boneti, ambayo ilipanda kutoka Kisumu kupitia Kiboswa kwa taadhima kubwa mno, hata vijana wa bodaboda waliopakia godoro na mbuzi wakawa wakinipita huku wakiniamkia.

Fundi wangu wa jua kali, mtu ambaye ufasaha wake unazidi kwa mbali idadi ya spana zake, alinibainishia kwamba dawa ipo, tena ya nasaba moja na mgonjwa. Zile Peugeot 504 ndefu zilizokuwa matatu katika njia ya Kakamega na Kisumu, akasema, zilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1971, nayo hulazwa ubavu vilevile, na giaboksi ya mzee ingeipokea bila kuiuliza kwao wapi. Injini ikapatikana katika gofu la matatu nyuma ya karakana, juu yake ameatamia kuku, ambaye mwenyewe alidai fidia ya mayai kabla hatujagusa msumari. Na baada ya fidia kulipwa, ikaninginizwa kwa mnyororo kwenye tawi la mparachichi, ikashushwa mahali pake huku watazamaji, ambao hapana hata mmoja aliyekuwa na gari, wakitoa maelekezo yanayopingana.

Haikosi sifa injini ile. Ilinguruma kwa namna iliyowafanya jirani watoke nje, na mlima ambao zamani niliupanda nikisali sasa niliupanda nikipiga mluzi. Walakini rejeta, iliyozoea kupoza moto wa wastani, haikushirikishwa katika shauri hili, na hasira yake ikadhihirika pale Ilesi, mkabala wa lile jiwe maarufu liliao, ambapo ilifoka maji kwa wingi hata wageni waliokuja kupiga picha za jiwe wakageuza kamera zao wakatupiga sisi.

Hayo yalikuwa dibaji tu. Breki nazo zilikuwa na neno lao, zikalihifadhi mpaka siku ya mazishi ya mzee mmoja wa upande wa Shinyalu, nilipopewa heshima ya kuwachukua wazee watatu wa ukoo pamoja na shangazi wa marehemu. Kama ijulikanavyo, katika msafara wa namna hiyo marehemu ndiye hutangulia, na walio hai, hata wawe na haraka ya namna gani, humfuata. Tulipokwisha kuiacha barabara kuu pale Khayega, tukaingia mteremko baada ya mteremko, na ngoma za breki, kwa kukamatwa mara kwa mara zizuie nguvu ambazo hazikuumbiwa kuzizuia, zikapata moto, zikalegea, na pedali ikazama hadi sakafuni pasipo kuleta matokeo yoyote. Tukalipita gari la kwaya. Tukawapita watu wa kanisa. Hatimaye, honi ikilia na wazee wamevua kofia, tukalipita jeneza lenyewe.

“Mwanangu,” akauliza shangazi kwa sauti ya upole, “mbona unamkimbia marehemu?”

Mlima uliofuata ndio ulioturehemu na kutupunguzia mwendo, lakini kwa bahati mbaya ulitufikisha taratibu kabisa langoni pa wafiwa, ambapo wapigaji wa isukuti, walipoliona gari jeusi la kizamani limetangulia, hawakungoja ithibati nyingine. Ngoma zikalia, wanawake wakatuzingira kwa kilio, na vijana wenye nguvu wakafungua buti wampokee mzee wao, wakakuta gurudumu la akiba na debe la maji ya rejeta. Mkuu wa ukoo, baada ya kutafakari kwa kitambo, akahukumu kwamba gari lirudi kinyumenyume hadi njia panda, limpishe mwenye siku yake, kisha lije tena nyuma ya watu wote; na hukumu hiyo ikatekelezwa, vijana wakisukuma kwa mbele huku wakicheka kinyume cha desturi za msibani.

Tangu hapo kila kiungo cha gari kimekuja na madai yake. Klachi iliteleza, diferenshali ikanung'unika, breki za mbele zikabadilishwa, na askari wa barabarani, baada ya kulinganisha namba ya injini na ile iliyomo katika logbuku, aliniuliza kwa utulivu wa kutisha gari hili ni lipi hasa. Swali la haki, kwani sheria hutaka badiliko la injini lisajiliwe, nalo fundi, pamoja na ufasaha wake wote, hakuligusia.

Na ajabu ni kwamba Peugeot 404, kwa injini yake ileile ya 1618, ilishinda mashindano ya Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika ule mwaka wa kwanza magari 84 yalianza safari na 7 tu yakamaliza, la mbele likiwa ni 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Na halikushinda kwa kuwa na nguvu kupita mengine, bali kwa kuwa viungo vyake vyote vilikuwa na kauli moja. Basi, ewe msomaji uliye na gari la kale na jirani mwenye gari jipya, ukiona ni lazima uongeze nguvu, anza na breki, ufuatie rejeta, upite ofisi ya usajili, na injini iwe ya mwisho. Huenda fedha zikakuishia kabla hujaifikia, na hapo utakuwa umesalimika.